Preseti Namba Nne na Shavu la Obiero

Uvumi ulimkuta Truphosa anasukuma chapati, saa moja kasoro asubuhi, kwenye kibanda chake cha chai stendi ya Nyegezi. Basi la Bukoba lilikuwa linapasha injini. Bernadeta, anayeuza ndizi mbivu, alitua beseni lake, akavuta kigoda, akaomba chai isiyo na sukari.

"Mama Sharon, umesikia ya Mkolani?"

"Sijasikia."

"Marehemu wao wanarudi hawana alama. Sura laini kama sahani, kama zile picha zao mpya za studio. Na hawakumbuki."

"Hawakumbuki nini?"

"Kila mmoja na lake. Yule mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa, ile mikunjo ya paji la uso imeisha. Anakaa sebuleni kwa mwanawe anauliza watoto huwa wanatokea wapi."

"Labda anatania."

"Alipokuwa hai hakutania, aje aanze leo?"

Kurudi kwa marehemu kwenyewe hakukuwa habari. Upande huu wa ziwa wanakuja saa kumi na mbili jioni, wanakaa na watu wao, taa za barabarani zikiwaka wanaaga. Habari ilikuwa huko kusahau. Truphosa aliumwaga uvumi ule pamoja na maji ya vyombo, lakini mchana ulikuwa umerudi, na alipofunga kibanda ukamfuata nyumbani. Alikuwa na sababu mbili za kuuogopa. Ya kwanza ni kwamba mume wake ni marehemu. Ya pili ni kwamba binti yake anajifunza kutengeneza picha.

Mume wake ni Obiero. Miaka kumi na tisa aliuza mayai ya kuchemsha kwa abiria waliosubiri kivuko pale Kigongo. Daraja la kwenda Busisi lilipofunguliwa magari yakawa yanapita bila kusimama, naye akahamishia ndoo yake Nyegezi. Alikaa miezi michache, homa ikamchukua. Wiki ya pili baada ya matanga alianza kuja jioni. Alikaa kwenye kigoda mbali na jiko, akageuza shavu la kushoto lisipigwe na mvuke, akamenya mayai ya kesho. Mayai aliyomenya yalikuwa kama mayai mengine.

Shavu hilo lilikuwa na kovu la moto kutoka sikioni mpaka kwenye kidevu. Sharon alipokuwa na miaka mitatu alivuta kitambaa kilichokuwa chini ya sufuria ya mayai yakichemka. Obiero aliingiza kichwa chake katikati. Mtoto hakupata hata tone. Watu wakimuuliza huyu binti ni wa nani, Obiero aligonga kovu kwa kidole na kusema, "Cheti chake cha kuzaliwa kiko hapa." Na ni kweli, kingine hakikuwepo. Truphosa alikuwa anasema kila mwaka wataenda kukifuatilia.

Sharon alipomaliza kidato cha nne alipata nafasi ya kujifunza kazi studio moja ya picha, Mirongo, kwa kijana anayeitwa Malimi. Siku ya kwanza Malimi alimkalisha mbele ya kompyuta. Pembeni mwa picha kulikuwa na vijiti vingi vidogo vya kusogeza kushoto na kulia, kimoja cha mwanga, kimoja cha kivuli, kimoja cha rangi, kimoja cha ulaini, na vingine Sharon hakuvijua.

"Usihangaike na hivyo," Malimi alisema. "Bonyeza Namba Nne, sevu, ita mteja anayefuata."

Namba Nne ilikuwa preseti. Ni mpangilio ambao mtu ameshauandaa, ukibonyeza mara moja vijiti vyote vinakwenda mahali pake vyenyewe. Wiki ile Sharon alitengeneza picha za vipaimara, za mahafali, za pasipoti, za kitchen party na za misiba, zote kwa Namba Nne. Alirudi nyumbani akiwa hajachoka.

Truphosa alifurahi, ila ana tabia ya kuuliza.

"Humo kwenye Namba Nne kuna nini?"

"Mama, ni preseti. Mtu ameshapanga kila kitu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Alikuwa anampangia nani?"

Sharon alicheka. "Hii ni kompyuta, mama. Haipangii mtu."

"Hata sare ya shule kuna mtoto alipimwa kwanza," alisema Truphosa, akaacha.

Picha ya Obiero akiwa peke yake ilikuwa moja. Abiria mmoja alimpiga kwa simu pale Kigongo, ndoo mkononi, anacheka, kovu linang'aa kwenye jua. Simu ya Truphosa ilikuwa imeshaingia maji, kwa hiyo picha ilibaki kwenye simu ya Sharon. Sharon alitaka kumshangaza mama yake. Aliipeleka picha kwenye kompyuta ya studio, akaifuta simuni ili kupata nafasi, akabonyeza Namba Nne, akasevu juu ya ileile. Jumamosi akaileta ikiwa kwenye fremu ya dhahabu.

Majirani walikuja kuiona. Mmoja alisema Obiero amekuwa kama mgombea ubunge. Truphosa aliitazama. Mwanamume mzuri, ngozi imeng'aa kidogo kuliko yake, shavu safi. Alisema, "Umempendezesha." Halafu akabaki amesimama kama mtu anayejua ameacha kitu jikoni, hakumbuki ni nini.

Jumapili saa kumi na mbili Obiero alikuja. Alivuta kigoda karibu na jiko, akainamisha uso juu ya mvuke. Shavu la kushoto lilikuwa laini. Maji yalikuwa yanatokota. Aliingiza mkono sufuriani, akatoa yai, akaanza kulimenya.

"Huogopi?" Truphosa aliuliza.

"Niogope nini? Ni maji."

Sharon aliingia na ndoo kutoka bombani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Obiero alimtazama, kisha akamgeukia mke wake. "Huyu binti ni wa nani?"

Truphosa alipunguza moto. "Wa hapa."

"Ana adabu," alisema Obiero, akachukua yai jingine.

Sharon alitua ndoo. Alitoka nje akaanua nguo kwenye kamba, akazikunja, akaziweka kabatini. Zilikuwa bado mbichi.

Jumatatu Truphosa hakufungua kibanda. Alikwenda Mirongo. Mbele ya studio kulikuwa na foleni ya watu wenye bahasha na simu. Malimi alimfutia kiti vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Namba Nne ina nini ndani?"

Malimi alifikiri kwa moyo mweupe kabisa. "Sijui, mama. Niliikuta."

"Wewe ulifundishwaje?"

"Kwa kubonyeza."

"Picha ya baba Sharon nataka irudi ilivyokuwa."

"Haiwezekani. Alisevu juu yake. Ni kama ukuta ukipakwa rangi mpya. Ule wa zamani upo, ila huufikii."

Kwenye foleni kulikuwa na mama mmoja wa Igoma, amebeba picha kubwa ya mume wake. Aliingilia bila kuulizwa.

"Mama, wa kwako anasumbua?"

"Hamjui mtoto wake."

"Pole. Wangu alikuwa kila jioni anakuja kunisema. Mboga haina chumvi, nyumba imebadilishwa pazia, nani ameruhusu. Tangu apite hapa kwenye Namba Nne anasifia mpaka maji ya kunywa. Mimi nimerudi waniongezee ukubwa, ijae ukuta."

Watu wawili walicheka. Mwingine alisema hata wa kwake amekuwa mpole, naye hataki picha iguswe. Malimi akainua mabega, maana alikuwa na foleni.

"Nani aliitengeneza?" Truphosa aliuliza.

Malimi alionyesha dari kwa kidole. "Mzee Natvarlal. Ndiye aliyeniuzia studio. Anakaa juu."

Mzee Natvarlal alizaliwa Mwanza, na alipiga picha za watu wa Mwanza tangu wakati wa filamu za kusafishwa gizani. Alikuwa dirishani na miwani mbili, moja usoni, moja kwenye paji la uso.

"Mwangaluka, mayu," alisema, maana yeye humsalimia kila mtu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee," alijibu Truphosa, ambaye ni Mjaluo wa Shirati lakini ameshakaa sana.

Alieleza alichokuja nacho, kuanzia sufuria mpaka fremu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja.

"Shavu gani?"

"La kushoto."

"Ndiyo," alisema mzee. "La kushoto."

Alifungua kabati, akatoa bahasha ya kaki. Bahasha ilikuwa imelowa, pembe zimelegea. Alichomoa picha iliyokuwa ndani, akaifuta kwa kitambaa, akaibana na kibanio kwenye kamba ya dirishani. Bahasha akaitupa, akachukua mpya.

"Inalowa yenyewe," alisema. "Nabadilisha kila Jumatatu. Umekuja siku nzuri."

Ilikuwa picha ya bibi harusi. Shela, maua, mikono imeshikana mbele. Kwenye shavu la kushoto palikuwa na vidole vinne, vimevimba, vimejipanga vizuri. Chini ya macho picha ilikuwa inatoa maji, taratibu, na matone yalidondokea kwenye kopo lililowekwa chini kwa kazi hiyo.

"Huyu ni Winnie, binti wa Chenge," alisema mzee. "Asubuhi ya harusi alisema hataki. Baba yake akampiga. Baba huyohuyo akaja kwangu akaniambia, piga picha, ila zitoke safi. Picha zilikuwa mia tatu, na shavu lilikuwa kwenye zote. Hii nikaichapa ilivyo, halafu nikakaa na moja siku mbili. Nikapunguza kivuli cha uvimbe, nikapandisha mwanga, nikalainisha, nikasogeza kijiti hiki na kile mpaka vidole vikaondoka. Halafu nikaona, nitarudia hivi mara mia tatu? Nikauhifadhi mpangilio, nikaupa namba. Zilizobaki nikabonyeza tu. Jioni kazi ikawa imeisha."

"Namba Nne."

"Namba Nne. Haijui hili ni kofi na hili ni moto. Inajua kusafisha shavu."

Truphosa alitazama kopo. Alitaka kujua mambo mengi, akachagua.

"Na Winnie mwenyewe?"

"Yuko Busisi, ana watoto wakubwa. Nilimuuliza mwaka juzi. Akasema baba yake hajawahi kumgusa. Akaniletea albamu nione."

"Na huyo baba?"

"Mzima. Kamati za harusi wakikutana wanamchagua mwenyekiti. Anasimamia vizuri."

"Kwa nini usiifute?"

"Kompyuta niliiuza nayo. Nilimwambia Malimi aifute. Akaniuliza, mzee, nikifuta wateja niwaambie nini? Nikapanda ngazi nikarudi huku. Mimi mwenyewe niliwaambia zimetoka safi." Alivua miwani ya usoni akavaa ya kwenye paji. "Mlete huyo binti. Aje na daftari. Asibonyeze kitu."

Sharon alikwenda huko juu kila alasiri wiki tano. Wiki ya kwanza mzee hakuwasha kompyuta. Alimwambia akamtazame mtu mmoja saa nzima, aandike anachokiona. Sharon alimtazama mama yake. Truphosa alikaa kwenye kigoda, mikono haina kazi, jambo ambalo hajalizoea. Sharon aliandika: nukta tatu chini ya jicho la kulia. Jino limekatika pembeni. Mstari katikati ya nyusi, unakuwa mrefu mtu akikohoa.

"Hayo yote ninayo?" Truphosa aliuliza.

"Unayo, mama."

"Na Namba Nne ingeyaondoa?"

"Yote."

Wiki zilizofuata alijifunza kijiti kimoja kwa siku. Cha mwanga, alikisogeza mpaka mwisho ili aone kinachofanya, akakirudisha. Cha kivuli vilevile. Alianza kuelewa kwamba kila kijiti ni swali, na Namba Nne ilikuwa imeyajibu yote kabla hayajaulizwa. Malimi alipanda siku moja akamkuta bado yuko kwenye cha kivuli.

"Dada, wenzako chini wamemaliza harusi mbili."

"Hongera kwao," alisema Sharon, na hakuinua kichwa.

Ilipofika zamu ya kulirudisha kovu kwenye picha, mama na binti walikosana.

"Lilianzia nyuma ya sikio," alisema Truphosa.

"Chini ya sikio, mama."

Wote wawili wakageuka kutazama ukutani ili wahakikishe, na ukutani shavu lilikuwa safi. Picha ile ilikuwa imetazamwa kila siku tangu iletwe, na ilikuwa imeshafanya kazi kwa walio hai pia. Walimuuliza Bernadeta, akaapa kovu lilikuwa kulia. Wakamuuliza kondakta mmoja aliyekula mayai ya Obiero miaka sita. Akasema, "Kovu? Mzee wa mayai alikuwa na kovu?"

Truphosa alirudi kwenye chapati zake. Jioni alimwita Sharon, akamwambia akae chini na afumbe macho. Kovu lilipokuwa bichi yeye ndiye aliyelipaka mafuta, asubuhi na jioni, miezi minane, mara nyingi akiwa anawaza mambo mengine. Alichovya kidole kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, akafumba macho yake pia, akakiacha kidole kiende kwenye shavu la kushoto la Sharon. Kidole kilianza nyuma ya sikio, kikashuka, kikapinda mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyekuwa amepataja, kikasimama chini ya kidevu.

"Hapo palikuwa na kanundu," alisema Truphosa.

"Nimesikia," alisema Sharon.

Alikwenda na mafuta yale usoni mpaka Mirongo siku ya pili yake, hakunawa. Mzee Natvarlal alimpa kiti chake. Kovu lilimchukua siku tatu, kwa mkono. Kabla ya kuhifadhi aliipa picha jina jipya, ya Namba Nne akaiacha pembeni.

Ilipotundikwa ukutani majirani hawakusema kama mgombea ubunge. Mmoja aliuliza kama wino uliharibika.

Jioni Obiero alikuja. Alisimama mlangoni, akaangalia jiko, akachukua kigoda akakisogeza mbali. Alikaa. Mvuke ulipoelekea kwake aligeuza shavu la kushoto. Truphosa aliendelea kupanga mayai, ila aliyapanga yale yale mara mbili. Obiero alipandisha mkono kwenye shavu akaligusa, kutoka nyuma ya sikio mpaka chini ya kidevu, bila haraka.

"Kulikuwa na mtoto," alisema.

"Ndiyo, baba," alijibu Sharon.

"Alivuta kitambaa. Maji yakaja."

"Ndiyo."

"Aliungua?"

"Hakuungua."

Obiero alishusha pumzi. "Vizuri. Yuko wapi?"

"Ni mimi, baba."

Alimtazama kwa upole, kama mtu anayeongea na mgeni aliyekosea nyumba. "Hapana, binti. Yule ana miaka mitatu."

Alimenya mayai ishirini. Taa za barabarani zikawaka, akaaga. Mlangoni aligeuka akamwambia Sharon kwamba akimwona yule mtoto amwambie asisogelee jiko.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Kila jioni anauliza kama mtoto aliungua, na kila jioni Sharon anajibu hakuungua, na Obiero anasema vizuri. Truphosa hasogei karibu wakati huo, anatafuta kazi uani. Cheti cha kuzaliwa wamekifuatilia ofisini, wamepewa fomu. Kwenye fomu kuna mahali pa mzazi wa kiume kuthibitisha.

Studio ya Mirongo imeongeza kompyuta, na zote zimewekewa Namba Nne. Sharon ana meza yake kwenye kona ya chumba cha mzee huko juu. Wateja wake ni wachache, na wengi wao wakiona picha wanauliza kama inaweza kusafishwa kidogo. Mwezi uliopita Chenge, baba yake Winnie, alikuja pale chini akapiga picha ya kutundika ukumbini, kwa kuwa anatimiza harusi ya mia moja aliyoisimamia. Ilitoka safi. Jumatatu mzee Natvarlal alibadilisha bahasha.

Mzazi mwenye mtoto anayejifunza kazi hii, ya kuepuka ni haya:

Asibonyeze preseti kabla hajajua kila kijiti kilichomo kinafanya nini.

Asipokee preseti bila kuuliza ilitengenezwa kwa ajili ya uso wa nani, na siku ile kulikuwa na nini.

Asisevu juu ya picha ya asili. Aipe jina jingine.

Asifute picha kwenye simu ili apate nafasi. Afute nyimbo.

Asiondoe kovu la mtu bila kumuuliza mwenye kovu. Kama ni marehemu, amsubiri saa kumi na mbili amuulize.

Asitundike picha ukutani kabla watu wawili hawajakubaliana kwamba ni yeye.

Asiwaamini wanaosema imetoka safi.

Usichelewe kufuatilia cheti cha kuzaliwa.

Na marehemu akikuuliza mtoto yuko wapi, usibishane naye. Mwambie hakuungua.